Kinyago cha Golikipa wa Barafuni

Lahnajoki, Ufini
19 Novemba 1972

Mjomba Kornelio, shikamoo. Na wewe mkaza mjomba Anjelina unayemsomea barua hii, shikamoo pia. Natumaini umekaa penye mwanga, na yeye ameweka tezo chini ili asikie.

Mie mzima. Baridi ya huku siielezi sana, mtasema naongopa. Jana nilianika shati nje, nikalikuta limesimama lenyewe kama mtu anayesubiri kuitwa. Masomo ya mitambo ya kupasua mbao yanakwenda vizuri, umebaki mwaka mmoja na nusu nirudi. Mama hajaniandikia tangu Agosti, nasikia kule Newala wanahamia kijiji kipya. Mkipata habari zake mniambie.

Nimepanga chumba kwa mjane mmoja anaitwa Aino. Ananipa supu ya samaki na kunifokea nisipovaa kofia, basi najiona niko nyumbani. Mwanawe, Eero, ana miaka thelathini na minne, na ndiye ninayetaka kuwaeleza habari zake, kwa kuwa nina ombi.

Eero ni golikipa. Si wa kandanda. Huku ziwa likiganda watu huvaa viatu vyenye visu chini, wakateleza juu ya barafu wakigombania kisahani cha mpira mgumu kwa magongo. Kisahani kinapigwa kikaruka kwa kasi usiyoiona, unasikia tu mlio. Eero alianza kukaa golini akiwa na miaka mitano, gongo lake la kwanza lilikuwa mpini wa koleo la baba yake. Baba huyo alikuwa mkata magogo, akaangukiwa na mti Eero akiwa na miaka kumi na miwili. Mama Aino akaingia kiwandani, na mtoto akaendelea kucheza. Akiwa na miaka kumi na tisa aliitwa timu ya taifa. Akaenda Uswidi miaka minne, akilipwa kucheza, kisha akarudi timu ya mji wake. Huku hata mchuuzi wa samaki anamwita kwa jina.

Mwezi uliopita kisahani kilimpiga kwenye jicho la kushoto. Alishonwa, akarudi golini kabla mchezo haujaisha. Daktari amesema jicho hilo litabaki na ukungu, na la kulia likipigwa namna hiyo, atakuwa kipofu. Magolikipa wenzake siku hizi wanavaa kinyago kigumu usoni. Yeye hataki. Amekataa hata kupakwa plasta usoni ili kipimo cha uso wake kichukuliwe, anasema wanaopakwa hivyo ni maiti.

Mjomba, nimewaza sana. Mtu huyu hawezi kuheshimu kitu cha kiwandani, lakini labda ataheshimu kitu kilichochongwa na mtu anayejua. Nimekumbuka lile lipiko la Newala, kinyago ulichochonga kwa msufi ukakivaa wewe mwenyewe kwenye ngoma, tulipotoka jandoni. Je, waweza kumchongea Eero uso wa namna ile? Fundi wa mashua hapa anaweza kuufuatisha kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi, ukawa mgumu na mwepesi.

Nawapenda sana. Kofia ninavaa.

Mpwa wako,
Kasiani


Ukonga, Dar es Salaam
10 Desemba 1972

Mpwa wangu Kasiani,

Marahaba. Anayeandika ni mkaza mjomba wako, kama kawaida. Mie nasema, yeye anaandika, na ameniapia kwamba haongezi neno. (Siongezi. Nafafanua tu. — Anjelina.)

Sie wazima. Mama yako amehamia kijiji cha ujamaa, yu mzima, analalamika kwamba mikorosho yake imebaki mbali na anaikumbuka kwa majina. Jirani yangu Mwishehe bado tunachonga naye banda moja, bado anaazima patasi yangu na kuirudisha imekuwa butu. Balozi wetu wa nyumba kumi anapita kila Jumatatu kuniuliza lini nitaingia kisomo cha watu wazima. Nimemjibu kwamba mikono yangu inajua kazi na mke wangu anajua kusoma, sasa wasomaji wawili katika nyumba yenye taa moja wa nini.

Sasa lile jambo.

Barua yako ilisomwa kwa sauti hapa uani. Ilipofika pale uliposema ulichokisema, habari za nani alivaa nini Newala, mie nikakohoa. Aliyesoma akaendelea. Nikakohoa tena, nikaomba maji. Akaniletea maji, akaketi, akaanza sentensi ile ile upya. Kasiani, wewe ni mtu uliyefundwa. Umepelekwa jandoni, ukaambiwa yapi ni ya wanaume na yapi hayatajwi mbele ya wanawake. Kinyago kile kikitoka kucheza ni mzuka, si mtu, hakuna aliyemo ndani. Hivyo ndivyo wanawake wanavyojua, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Halafu wewe unakwenda Ulaya, unaandika jina la mjomba wako kwa wino. Nimemwambia mke wangu kwamba baridi imekupanda kichwani. Amesema masikini, apelekewe fulana.

(Nimesema kweli. Fulana naitafuta.)

Huyo Eero nimemwelewa. Hata mie nisingekubali mtu anifunike uso na kitu nisichojua kilikotoka. Lakini jicho ni jicho. Mchongaji na golikipa wote wanakula kwa jicho, na jicho moja likiwa na ukungu, la pili usilichezee. Mwambie hivyo, mwambie amesema mzee mwenye kovu la kibanzi cha mpingo juu ya kope.

Juu ya ombi lako sitaki kuandikiwa neno lingine, wala kusomewa. Unakumbuka nilivyokufundisha kupima gogo, wewe hujajua hata kuhesabu? Kwa uzi. Basi. Sisemi zaidi.

(Ameniambia nipige mstari chini ya “sisemi zaidi”. Mpwa wangu, sijui mnazungumza nini. Mimi ni mwandishi tu.)

Mjomba wako,
Kornelio


Lahnajoki
7 Januari 1973

Mjomba, shikamoo. Mkaza mjomba, shikamoo.

Nimekosa, mjomba, naomba radhi. Nilisahau ni nani anayesoma, au tuseme niliandika kama tuko wawili bandani. Sirudii.

Katika bahasha hii zimo nyuzi saba. Kila mmoja una mafundo yake, na mafundo hayo unayajua, ni yale yale ya zamani. Sisemi zaidi na mimi.

Eero alikubali kukaa kwenye kigoda jikoni nikamzungushia nyuzi. Nilimwambia mjomba wangu anataka kumchonga. Alifurahi akanyoosha shingo, akaniuliza kama sanamu yake itakaa kwenye jumba la makumbusho. Mama Aino alicheka mpaka akaweka chini mwiko. Nilipopitisha uzi juu ya kope la kushoto niliulegeza, maana bado limevimba.

Ujumbe wako wa jicho nilimfikishia. Akauliza huyo mzee mwenye kovu anavaa nini usoni akichonga. Nikasema havai kitu. Akasema, “Basi anyamaze.” Samahani, ndivyo alivyosema.

Timu yake imemwambia jambo zito. Msimu huu atamalizia hivyo hivyo, lakini msimu ujao unaoanza Oktoba hakuna atakayekaa golini bila kinyago. Asipokubali kufikia mwisho wa Septemba, mkataba hapewi. Mjomba, hajui kazi nyingine anayoipenda. Yule mtu ukimwona nyumbani ni mpole, hajui aweke wapi mikono. Ukimwona golini, ndiye mwenye nyumba.

Kasiani


Ukonga
25 Februari 1973

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole na baridi. Tumepata mvua kabla ya wakati wake na banda linavuja upande wa Mwishehe, nami sijambo upande wangu.

Mwambie Eero jibu lake nimelisikia. Nilikasirika siku moja. Siku ya pili nikamwomba Mwishehe ile miwani anayovaa akikata bati, na sasa naivaa nikichonga. Naonekana kama chura. Mpelekee hiyo.

Nyuzi zilifika. Ule wenye mafundo manne sikuuelewa siku mbili, mpaka nilipoujaribu kwenye kichwa cha Mwishehe. Yule mtu ana kichwa kirefu. Halafu nimefanya kazi fulani. Siitaji. Niliifanyia nyuma ya banda, nikazungusha magunia pande zote, na kila mke wangu alipoleta chai nilimwambia aite toka mbali.

(Niliita toka mbali. Chai ikapoa. Alaumu magunia yake.)

Furushi nilishona mwenyewe kwenye gunia nikalipeleka posta. Karani akauliza ndani mna nini. Nikasema kichwa. Akauliza cha nani. Nikasema cha golikipa wa Ufini. Akaniangalia, akaenda kumwita mkubwa wake, na mkubwa akanisogezea kiti kwa adabu kubwa. Tulielewana baada ya nusu saa, alipopapasa gunia akagonga akasikia mti. Nimekipeleka kwa meli, maana kwa ndege wanataka nauli ya mtu mzima.

Kisha wakanipa fomu niandike jina. Nikaomba kidau cha wino, nikabonyeza dole gumba. Nyuma yangu alisimama bibi mmoja muuza maandazi, namjua, anakaa mtaa wa pili na sisi, mkubwa kuliko mie. Akachukua kalamu akaandika jina lake lote, akaweka na mkia mwishoni. Wala hakuniangalia. Kasiani, nimechonga vichwa vya watu miaka thelathini, na bado niliona haya ya dole gumba lile likiwa jeusi njia nzima mpaka nyumbani.

Jumatatu nimeingia kisomo. Mwalimu anaitwa Tabu, ana umri wa kuwa mwanangu, amenikalisha dawati la nyuma. Na amechagua mmoja wa waliofaulu mwaka jana, amsaidie kuwashika mikono wanafunzi wapya. Unamjua.

(Ni mimi. Anaishika kalamu kama patasi. Nimemwambia karatasi haina haja ya kuumizwa.)

Mjomba wako,
Kornelio


Lahnajoki
3 Juni 1973

Mjomba wangu, shikamoo. Mkaza mjomba Anjelina, shikamoo, na asante kwa fulana, imenibana kwapani lakini naivaa.

Ile kazi usiyoitaja imefika wiki iliyopita. Ilikaa bandarini muda mrefu. Aliyelifungua furushi sitamtaja, ila nilikuwa chuoni, na lilipofika nyumbani hapakuwa na mwanamume.

Ni yeye, mjomba. Hujamwona hata picha, na ni yeye kabisa. Ile pua iliyovunjika Uswidi, lile shavu moja lililo juu kuliko mwenzake. Mama Aino aliuweka uso huo mezani akauangalia mpaka kahawa ikapoa, halafu akaufunika kwa taulo safi. Eero aliporudi aliuzungusha mikononi. Kisha akataka kuujaribu. Akauvaa kama wanavyovaa wao, wima usoni, akaenda moja kwa moja akagonga kabati.

Mjomba, macho hayakutobolewa. Umeyafumba, na mdomo umeuacha wazi. Nilikaa chini nikacheka mpaka machozi, kwa maana nilielewa. Wewe unajua kitu cha namna ile huvaliwaje huko kwetu na hutazama kupitia wapi. Sisemi zaidi.

Fundi wa mashua yuko tayari kuufuatisha, ila lazima macho yawe wazi. Sasa nifanyeje? Nikurudishie kwa meli, Septemba itakuwa imepita.

Lakini hata macho yakitobolewa, mgogoro haujaisha. Eero ameutundika ukutani kwake, anauheshimu kweli kweli, na bado kuvaa hataki. Juzi tulikuwa kwenye kijumba chao cha kuogea mvuke, mahali ambapo huku ndipo watu husema ya moyoni, nikamuuliza sababu yenyewe. Akajifuta jasho usoni kwa kiganja. Kisha akasema kwamba kabla ya kila mchezo, tangu baba yake alipokufa, humgeukia mama yake pale anapokaa, safu ya kumi na moja, amwone uso. Ili ajue kwamba haogopi. Mama yake alishampoteza mume kwa mti, hakutaka amwone mtoto amesimama golini na woga. Amefanya hivyo miaka ishirini na miwili, ukiacha ile minne ya Uswidi. “Nikijifunika,” akasema, “nitakuwa mtu yeyote tu. Mama atamwangalia nani?”

Nilimwongezea maji kwenye mawe, basi.

Kasiani


Ukonga
8 Julai 1973

Kasiani,

Marahaba. Mama yako amelima heka moja na nusu ya shamba la pamoja na amechaguliwa kwenye kamati, sasa haongei na watu ovyo. Mie nimefika kwenye silabi. Nimesoma “ba, be, bi” mbele ya darasa, na mwenye kunishika mkono akanipigia makofi kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Umeniuliza habari za macho. Miaka thelathini nimechonga vitu vya aina ile kama nilivyofundishwa na mjomba wangu, naye na mjomba wake, na hakuna hata mmoja aliyetazama kwa macho. Uliniletea uzi wa kope, ukaniletea uzi wa pua. Uzi wa kuniambia kwamba mtu huyu anataka kuona kama anavyoona mchana kweupe hukuniletea. Kosa ni letu wote wawili, basi tuligawane.

Kunirudishia, hapana. Siku unaondoka nilikupa patasi ndogo, ile yenye mpini wa mkwaju. Ulinicheka, ukasema mjomba, huko nakwenda kujifunza mashine inayopasua gogo kwa dakika moja. Sikusema kitu siku ile, lakini iliniuma, sasa nasema. Je, unayo? Kama umeitupa usiniambie. Kama unayo, inoe kwa jiwe la maji, usitumie mashine. Anzia pembeni ya ndani ya jicho, uende nje, taratibu, na msufi usiulazimishe, unapasuka. Toboa wewe mwenyewe. Uliyekula chungu kimoja na mie huwezi kuwa umesahau.

Juu ya mama yake na safu ya kumi na moja sina dawa. Nimekaa nimewaza. Mtu akifunikwa amefunikwa, ndiyo maana yake. Huyo kijana ana mapenzi na mama yake, na mapenzi hayachongwi.

Mjomba wako,
Kornelio


(Nyuma ya karatasi)

Kasiani mwanangu. Mjomba wako ametoka, yuko kwenye foleni ya unga duka la ushirika, na foleni ni ndefu. Naandika upesi.

Mwambie huyo Eero hivi. Mwaka 1950, kule Newala, nilikuwa msichana, nimesimama na wenzangu kwenye ngoma. Lipiko akatoka. Tukapiga kelele tukakimbia kama inavyotakiwa, maana tumeambiwa ni mzuka. Mwili wote umefungwa nguo, uso ni wa mti. Lakini mguu wa kushoto nguo ilikuwa imefunguka, nikaona kidole kidogo kimepinda kuelekea nje. Siku tatu baadaye Kornelio alipita kwetu kuleta kuni za mama, na kidole kilikuwa ni kile kile.

Sijamwambia mtu miaka ishirini na mitatu. Kila mwanamke aliyesimama pale alikuwa na wake anayemjua, mwingine kwa bega, mwingine kwa mwendo, na wote tulikimbia kwa adabu. Anayekupenda hana haja na uso wako. Mwambie akamuulize mama yake.

Mjomba wako asijue. Ataona haya hata ya kula.

Anjelina


Lahnajoki
14 Oktoba 1973

Mjomba, shikamoo. Mkaza mjomba, shikamoo mara mbili.

Patasi ninayo. Ilikuwa chini ya sanduku, nimeifunga kwenye soksi tangu siku niliyofika, na nilikuwa naona aibu kuitoa mbele ya wenzangu wa mashine. Niliinoa siku nzima. Nilianzia pembeni ya ndani kama ulivyosema, na jicho la kulia lilitoka vizuri, la kushoto likachanika kidogo kwenye kona. Eero alilipapasa akasema liachwe, limefanana na lake. Kisha fundi wa mashua akafuatisha uso wote kwa kitambaa chake na gundi, akaupaka rangi nyeupe. Ule wa mti umerudi ukutani.

Kabla ya hapo, palitokea neno. Mtu mmoja mwenye busara alinipa ushauri nimpelekee Eero, kwamba mtu hujulikana na wake hata akifunikwa, akamuulize mama yake. Nikampelekea. Eero akaenda jikoni akamuuliza, “Mama, uwanjani unanijuaje?” Mama Aino alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa. Akasema, “Kwa mguu.” Akaeleza kwamba tangu ziwani, akiwa wa miaka mitano, Eero huwa anagonga nguzo ya goli kwa kisu cha kiatu cha kushoto, mara mbili, kabla mchezo haujaanza. Yeye mwenyewe Eero hakujua kwamba anafanya hivyo. Akamuuliza, “Na uso?” Mama yake akasema, “Uso? Kutoka safu ya kumi na moja? Miwani yangu inashika ukungu nikiingia tu humo ndani. Sijauona uso wako uwanjani miaka yote hii. Nasubiri ugonge, nikisikia najua umeshafika.”

Mjomba, yule mtu mzima alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Kisha akachukua kisu akamsaidia mama yake viazi. Mkataba aliutia sahihi tarehe ishirini na nane Septemba.

Jana ulikuwa mchezo wa kwanza. Nilikaa na mama Aino. Eero alitoka na uso wako mweupe, watu kwanza hawakumjua. Hakugeuka kutazama kwetu. Alikwenda golini, akasimama, akagonga nguzo kwa mguu wa kushoto mara mbili. Mama Aino, ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti, alisimama akaita jina lake, na uwanja mzima ukaita.

Kipindi cha pili kisahani kilimpiga usoni. Chini kidogo ya jicho la kulia. Nilisikia mlio, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa amepiga goti moja, anatikisa kichwa. Akasimama, akausukuma uso ukae sawa, akaendelea. Walishinda matatu kwa moja. Baadaye tuliangalia ule uso, umepata mkwaruzo kama wa ukucha. Anasema hautapakwa rangi tena, na anataka mjulishwe kwamba mkwaruzo ule ungekuwa jicho lake. Ameniagiza niseme asante kwa Kiswahili na nimwandikie aige, nami nimempa karatasi. Ameandika yeye mwenyewe hapa chini.

ASANTE MJOMBA. EERO.

Kasiani


UKONGA
18 NOVEMBA 1973

KASIANI MPWA WANGU

MARAHABA. MIMI NI MJOMBA WAKO. NAANDIKA MWENYEWE.

Mwalimu Tabu amesema niandike herufi ndogo. Nitajaribu. Barua yako nimeisoma mwenyewe. Siku tatu. Siku ya kwanza niliishia kwenye patasi, nikasimama nikatembea kidogo. Soksi umefanya vizuri.

Pale alipoandika Eero nilipasoma haraka, maana naye anaandika kama mie. Mwambie asante yake imepokewa. Mwambie miwani ya chura bado navaa. Mwambie agonge nguzo kila siku.

Sasa. Habari ya mtu kujulikana akiwa amefunikwa hukuitoa Ufini. Mama Aino alisema ya kwake lakini kuna mtu alisema kabla yake. Mtu mwenye busara. Mwenye busara anayeijua Newala ninaye mmoja tu. Yuko ndani anapika. Ametaka kunisaidia kuandika nimekataa. Amekasirika kidogo.

Nakuambia jambo. Nalisema kwa sababu sasa naweza kulisema bila kupitia kwa mtu.

Lipiko hufungwa nguo mpaka vidoleni. Mzee anayemfunga hukagua mara mbili. Nguo haifunguki yenyewe. Haijapata kufunguka.

Siku ile nilisikia Anjelina yupo kwenye ngoma. Nilikuwa sijawahi kusema naye neno. Kabla sijatoka niliinama nikaufungua mguu wa kushoto. Nilipofika mbele yake nikausogeza. Wazee waliniuliza, nikasema kamba imekatika. Kosa kubwa lilikuwa langu, la kwako la wino ni dogo. Nilikufokea kwa sababu ya lile langu.

Hata kuni zile nilipeleka bila viatu makusudi.

Miaka ishirini na mitatu anaona amenigundua. Anafurahi nalo, namwona akilifikiri peke yake anatabasamu. Mwache nalo.

Posta nakwenda mwenyewe. Jina naandika mwenyewe.

Kornelio